Kumleta Mjomba Masasi

Lori la korosho lilifunga breki ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, pale barabara itokayo Newala inapoinamisha kichwa kuteremkia Masasi. Dereva akashuka, akatazama mbele, akavua kofia. Kalavati haikuwapo tena. Mvua ya usiku ilikuwa imeichukua pamoja na barabara iliyokuwa juu yake, ikaacha shimo ambalo nyumba ya vyumba viwili ingeingia na bati lake. Huko chini maji mekundu yalikuwa bado yanamega kingo, bonge baada ya bonge, bila haraka.

Abiria waliokaa juu ya magunia walianza kuteremka na kulalamika, kila mmoja kwa kadiri ya kipaji chake. Dorika hakulalamika. Alifungua kamba, akashusha baiskeli nyeusi ya kanisa aliyopewa kwa kazi ya kuvizungukia vikundi vya akina mama vijijini, kisha akamgeukia mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Shemeji, kuna njia nyingine?"

"Ipo," alisema Selestini. "Ila si ya kupita na gauni."

Dorika alipandisha pindo la gauni, akamwonyesha suruali ya marehemu mumewe aliyokuwa ameivaa ndani, akakaza khanga kiunoni. Selestini akacheka, akashusha na baiskeli yake. Dereva aliwaambia kwamba mawingu yaliyokuwa upande wa Ruvuma hayakuwa ya mchezo, na kwamba mtu mwenye akili angerudi Newala akalale. Walimshukuru kwa ushauri, wakapanda baiskeli.

Ukitaka ukweli, Selestini hakuwa msafiri. Alikuwa dawa inayopelekwa kwa mgonjwa. Dada yake, Yuliana, aliyeolewa na Abrahamu kaka yake Dorika, alikuwa amelazwa hospitali huko Masasi na mimba iliyokaribia kuiva, kondo la nyuma limetangulia njiani, damu inamtoka kidogo kidogo. Daktari alisema mtoto atatolewa kwa kisu, lakini hatathubutu kukishika kisu hicho kabla hajapata walau chupa moja ya damu ya kumwongezea mama. Damu ikianza kumtoka kwa wingi kabla chupa haijapatikana, daktari asingeahidi kitu. Ya Abrahamu ilipimwa, ikakataa. Ya Mama Agatha, mama mzazi wa Yuliana, haikuchukuliwa kwa sababu ya uzee. Ndugu wengine, walipoonyeshwa sindano yenyewe ilivyo, kila mmoja alikumbuka shamba lake.

Kwa watu wa pande zile, damu ya mtu hutoka kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba; baba ni mtu mwema aliyeoa. Kwa hiyo Mama Agatha hakusitasita. Selestini yupo Newala, alikwisha kumtolea dada yake damu kwenye uzazi wa kwanza na ikampokea, basi aletwe. Bwana wa maabara alijaribu kueleza kwamba hata damu ya mpita njia inaweza kufaa ikipimwa. Walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza habari za nchi za nje redioni. Dorika mwenyewe aliyasikia maneno hayo akiwa ameegemea ukuta wa wodi, na hayakumgusa hata yeye. Yeye alikuwa wifi, na kazi ya wifi ilikuwa kwenda kumleta mjomba.

Selestini aliongoza. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa, mitumba ikimiminika kupitia bandari ya Mtwara, na katikati ya makoti na viatu ilikuwa imemfikia baiskeli ya ajabu: tairi nene zenye meno, usukani ulionyooka, gia nyuma na gia mbele. Watu walimcheka, wakamwuliza kama ameinunua imevimba au imevimbia kwake. Hawakucheka tena walipomwona akipanda nayo miteremko ya uwanda na kapu la samaki wakavu kwenye keria, akikanyaga pole pole na kupumua kwa utulivu, pale ambapo wenzake walisukuma huku wakitukana.

Tusifu panapostahili. Kumwona Selestini juu ya baiskeli ilikuwa starehe. Hakukaa kwenye tandiko kwenye mteremko. Alisimama juu ya pedeli, magoti yamelegea, baiskeli ikicheza chini yake yeye akiwa ametulia. Aliipitisha kati ya mawe na mizizi bila kuonekana kuchagua njia. Dorika alifuata nyuma yake na baiskeli yake nzito, na naye hakuwa haba. Alikuwa amejifunza kuendesha kwenye vilima vya Chidya, akienda mikutanoni kwa njia ambazo hata mbuzi hufikiria kwanza, na alikuwa na miguu ya kutosha kwa watu wawili.

Njia ya wachuuzi ilifuata mgongo wa kilima, mikorosho upande huu na upande huu, kisha mikorosho ikaisha na msitu ukaanza. Mahali fulani miti ilifunguka, na nchi yote ya chini ikaonekana: mabonde ya kijani kibichi yaliyokwisha kunyeshewa, ukungu ukitambaa juu ya mto Nakapunda, na mbali kabisa majabali ya Masasi yamesimama peke yake kwenye tambarare, ya bluu. Waliweza kuona walikokuwa wanakwenda. Dorika alihesabu moyoni kwamba jioni watakuwa wodini, akafurahi, na furaha hiyo ikamwongezea nguvu ya kukanyaga.

Kisha Selestini akashika breki. Katikati ya njia kulikuwa na tawi bichi limelazwa, na nyasi za pande zote mbili zimevutwa zikafungwa fundo juu yake. Ngoma ilisikika ndani ya msitu, ndogo, ya mdundo mmoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mbele palikuwa na likumbi, kambi ya wavulana waliotiwa jando. Siku hizi huwekwa likizo ya Desemba ili watoto wasikose shule. Mwanamke hapiti hapo.

Dorika alimwambia apite yeye, mwanamume, aende zake Masasi. Yeye atarudi barabarani na kungoja. Lilikuwa wazo zuri, na mtu wa mahali pengine angelifuata. Lakini ngurumo ilikuwa imeanza nyuma yao, na Selestini hakuweza kumwacha dada wa shemeji yake msituni peke yake halafu akamweleze Mama Agatha kwa uso gani. Kukata fundo na kupita wote wawili hakukuwamo kichwani mwa yeyote kati yao. Walisimama pale wakiangalia nyasi tu, watu wazima wawili wenye haraka ya kufa na kupona, na fundo ambalo mtoto angelifungua likawazuia kuliko ukuta.

"Kuna korongo hapa kushoto," alisema Selestini. "Linashuka hadi mtoni. Mawe yake yana utelezi. Utaniachia nafasi, usinikaribie."

Wakashuka. Mwanzoni ilikuwa njia ya wakata mianzi, imekanyagwa vizuri, ikizungukazunguka chini ya miti mirefu. Kisha mvua ikafika. Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote pamoja, na njia ikageuka kijito chini ya tairi zao. Selestini alipiga kelele kwamba washuke wasukume. Dorika alibana breki. Zile breki za vyuma, rimu zikiwa zimelowa, hazikushika kitu. Alibana tena hadi mkono ukauma, na baiskeli ikazidi mwendo.

Hakupiga yowe. Aliburuta mguu, kiatu kikatoka. Alielekeza usukani kwenye kichaka, jiwe likamrudisha njiani. Chini yake korongo lilikata kona, na baada ya kona hapakuwa na kitu ila vilele vya miti iliyoota chini sana. Selestini alimwona akija. Alikuwa na muda wa kuruka pembeni, na pembeni kulikuwa na nafasi. Badala yake aliitupa baiskeli yake, akajiweka kati ya Dorika na kona, akaupokea usukani kwa kifua.

Wote wawili walianguka upande wa mlima, si upande wa miti. Dorika aliinuka akiwa amechubuka viganja tu. Selestini hakuinuka. Alikuwa amekaa ameshika paja, akilitazama kwa mshangao. Kisiki cha mwanzi uliokatwa mshazari, mkali kama panga, kilikuwa kimemwingia juu ya goti na kutoka, na damu ilikuwa inakuja.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kawaida, "hii si yangu. Izuie."

Dorika aliizuia. Alivua khanga, akaikunja ikawa donge, akalikandamiza donge hilo juu ya jeraha kwa uzito wake wote, akapiga goti juu yake. Mvua ilimpiga mgongoni. Damu ilipita kwenye khanga, ikapita kati ya vidole vyake, ikateremka na maji ya njia kuelekea mtoni, na aliitazama ikienda. Kila tone lilikuwa la Yuliana. Alijua hilo kwa uchungu ambao hakuwa amewahi kuusikia hata siku ya msiba wa mumewe, kwa sababu siku ile hakukuwa na cha kufanya, na sasa kilikuwepo, na hakikutosha.

Selestini, jasho likimtoka ndani ya mvua, alimwelekeza mfuko wa tandiko. Mlikuwa na kisu, pampu, na mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa vipande virefu, ule ambao wachuuzi hufungia kila kitu duniani. Dorika alivingirisha vipande hivyo juu ya khanga, akavuta, akavingirisha, akavuta, hadi paja likawa limebanwa imara lakini vidole vya mguu bado vina joto. Damu ilipungua. Ikawa unyevu tu pembeni mwa mpira. Alibaki ameuangalia unyevu huo kwa muda mrefu, akiogopa kupepesa macho.

Kurudi juu hakukuwezekana. Njia waliyoshukia ilikuwa imekuwa maporomoko. Alimburuta hadi chini ya jabali lililojitokeza kama varanda, akamkalisha kwenye majani makavu, mguu ameuinua juu ya gurudumu. Walikuwa na mihogo ya kuchemsha na chupa moja ya maji. Dorika alimpa yote mawili, akasema ameshiba. Chupa ilipokwisha aliikinga chini ya jabali penye mchirizi, ikajaa, akampa tena. Alikuwa amesikia wodini kwamba mtu aliyetoka damu apewe maji, na Selestini alikunywa hadi akaomba aachwe.

Giza liliwakuta hapo, na Dorika hakulala. Aliuweka mkono wake juu ya mpira wa tyubu usiku kucha. Kulikuwa na mnyama aliyekohoa karibu, na baadaye akakohoa mbali. Selestini alizungumza kidogo. Alisema kwamba Yuliana alipokuwa mtoto alikuwa anaogopa mvua. Kisha akanyamaza, na Dorika akawa anamwita kila alipokawia kuvuta pumzi.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika na ndege wanapiga kelele kana kwamba hakuna lililotokea. Dorika alimshusha Selestini hadi mtoni kwa kumkalisha juu ya baiskeli ya gia, yeye akishika breki zote mbili na kuegemeza bega lake kwenye kifua cha mgonjwa. Breki zile zilishika. Ile ya kanisa aliichomoa tyubu, akijua mto unawangoja, akaining'iniza juu ya mti, akaiomba radhi.

Mto Nakapunda haukuwa mpana. Siku za kiangazi watoto huuvuka wakicheka. Asubuhi ile ulikuwa wa rangi ya udongo, umejaa kingo hadi kingo, unapitisha matawi na mabua na mara moja mbuzi mzima. Selestini aliuangalia kwa macho yaliyoingia ndani. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Nenda wewe," alisema. "Ukifika tuma watu."

"Nimetumwa damu," alisema Dorika. "Sikutumwa habari."

Selestini akaitikia kwa kichwa. Akamwambia achomeke kijiti ukingoni, pale maji yanapogusa, aone kama mto unapanda au unashuka. Dorika alichomeka. Wakangoja. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomchosha kuliko kukaa pale akikitazama kijiti, huku Yuliana amelala Masasi na kila pumzi ikimgharimu. Kidogo kidogo kijiti kilibaki kwenye mchanga mkavu. Selestini alimwambia angoje tena, na alipotaka kuinuka alimzuia mara nyingine. Hatimaye jiwe moja lilichomoza mgongo katikati ya mto, akasema sasa.

Mfa maji haachi kutapatapa, lakini Dorika hakutapatapa, alipanga. Alizitoa zile tyubu za baiskeli ya kanisa, akatoa na nyingine mbili ambazo Selestini huzibeba za akiba, akazijaza upepo zikavimba, akazifunga pamoja. Walichagua mahali mto unapokata kona, ili maji yenyewe yawasukume upande wa pili. Kwanza alivusha baiskeli ya gia, akiujaribu mto kwa chuma kabla ya kuujaribu kwa mtu. Maji yalimfika kifuani, yakamvuta miguu, yakampeleka chini kwa nguvu, kisha kweli yakamtupa kwenye matete ya ng'ambo. Aliiacha baiskeli huko, akatembea kando ya mto kwenda juu, akajitupa tena majini kurudi. Selestini alimwona akitokea ametapakaa tope hadi kwenye nyusi. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoacha kuogopa kufa, kwa sababu aliona aibu.

Dorika alimpitishia tyubu makwapani, akamfunga, akajifunga naye. Waliingia. Katikati ya mto gogo lilikuja likizunguka, likagusa tyubu moja, ikapasuka kwa mlio mdogo tu. Selestini akazama upande, maji yakamwingia mdomoni. Dorika hakujaribu kuogelea tena. Alivuta pumzi, akajikunja chini yake, akasimama juu ya mchanga wa chini na mgonjwa begani mwake, akatembea. Hatua zake chache chini ya maji hakuna aliyeziona ila Mungu. Kichwa chake kilipotokeza tena kilikuwa kati ya matete, na mkono wake ulikuwa umeshika mizizi ambayo watu wawili baadaye walishindwa kuing'oa.

Mpira wa pajani ulikuwa umelegea. Damu ilikuwa imeanza tena. Aliufunga upya, kwa vidole visivyohisi kitu, akamkalisha kwenye tandiko, akamfunga kwenye usukani, akaanza kusukuma.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na tope la mashamba ya mpunga, kisha mchanga, kisha vilima. Tairi nene zilizochekwa na kijiji kizima hazikuzama. Dorika alisukuma akiwa ameinamisha kichwa, akiangalia meno ya tairi ya nyuma yakipanda na kushuka, na kila alipotaka kusimama alijiambia hadi kwenye mti ule, na alipofika mti ule alichagua mwingine. Selestini hakusema tena. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya usukani.

Aliyewaona kwanza alikuwa Abdulkadiri, mkulima wa Kiyao, kutoka juu ya dungu lake alikokuwa akilinda mpunga dhidi ya nguruwe mwitu. Aliona mwanamke peku anasukuma maiti juu ya baiskeli, akashuka mbio. Dorika alimwona mtu wa makamo, na pamoja na yote hayo akamwamkia.

"Shikamoo, baba. Njia ya Masasi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii. Huyu yu hai?"

"Yu hai. Anasubiriwa."

Abdulkadiri akaita nyumbani. Mkewe alitoka na uji wa muhogo. Dorika alimnywesha Selestini kwanza, kwa kumtenganisha meno kwa kijiko, kisha akanywa wake akiwa amesimama kwa sababu alijua akikaa hatainuka. Abdulkadiri alishika usukani, Dorika akashika keria. Mpunga aliwaachia nguruwe siku ile, na hakuutaja hata mara moja njia nzima. Walipanda vilima hivyo wawili, na majabali ya Masasi yakaja karibu, yakawa makubwa, ya kijivu, yenye mapango na vichaka, hadi yakawafunika kwa kivuli na wakasikia wanakanyaga changarawe ya barabara.

Uani mwa hospitali Mama Agatha aliwaona, akanyanyua mikono kushukuru, kisha akamwona mwanawe alivyo, na mikono ikabaki juu. Daktari alifunua kope za Selestini, zilikuwa nyeupe kama chaki. Alifungua mpira wa tyubu, akasifu ufungaji wake, akaanza kushona. Alipomaliza alitoka nje kwa ndugu. Alisema mjomba atapona. Alisema hawezi kumtoa damu hata ya kupimia. Yeye mwenyewe angefaa kuongezewa. Na Yuliana alikuwa ameanza kutokwa kwa wingi tangu alfajiri.

Abrahamu aliketi chini. Dorika alisimama akitazama mikono yake, iliyokuwa na damu iliyokauka ya Selestini hadi kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu Newala akalia. Alikuwa amemleta mjomba. Alimvusha korongo na mto, akamleta mtupu.

Bwana wa maabara, aliyeitwa Alfredi, alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya vioo.

"Na wewe, mama? Umepimwa?"

"Mimi ni wifi tu," alisema Dorika.

Alfredi hakubishana. Alimshika kidole, akakichoma, akaingia ndani. Mama Agatha aliona, akafungua mdomo kusema neno, kwa maana hilo lilikuwa jambo la ukoo na lilikuwa na wazee wake. Kisha akamtazama Dorika, peku, suruali imechanika, nywele zimejaa matete. Akaufunga mdomo.

Alfredi alirudi akitembea haraka. Damu ilikuwa inapokelewa.

Daktari alisita, kwa kuwa hakuwa amezoea kumtoa damu mtu aliyesimama kwa kushikilia ukuta. Alimpa chai yenye sukari nyingi, akamlaza, akamwambia kwamba atachukua kidogo kuliko kawaida. Dorika alimwambia achukue ya chupa nzima, maana nusu hakutumwa. Alilala akiitazama ikipita kwenye mrija, nyeusi, ya moto, isiyo na haraka, na alishangaa jinsi ilivyofanana na ile aliyoizuia kwa goti lake njiani. Alisikia milango ya chumba cha upasuaji inafungwa. Baadaye, akiwa usingizini nusu, alisikia mtoto analia kwa hasira.

Yuliana alipona. Mtoto alikuwa wa kike, akaitwa Huruma.

Siku Selestini alipoweza kukaa, Mama Agatha alimpelekea mtoto kitandani, kama desturi inavyotaka, ili mjomba ampokee mpwa wake kwa ukoo. Wazee walikuwepo, wamesimama kuzunguka kitanda. Selestini alimpokea, akamtazama sana, kisha akamwita Dorika aliyekuwa amejibanza nyuma karibu na mlango, mahali pa watu wa upande wa baba.

"Mpokee," alisema. "Mimi safari hii sikumpa dada yangu hata tone. Mjomba wake ni wewe."

Mzee mmoja alikohoa. Alikuwa anataka kueleza kwamba jambo hilo halijawahi kufanyika, kwamba mjomba ni mwanamume, wa tumbo moja na mama, na kwamba hata lugha yenyewe inakataa. Alikuwa na hoja zake na zote zilikuwa za kweli. Mama Agatha alimgeukia akamwambia akae chini.

Tangu siku hiyo Dorika hakukaa tena upande wa baba. Kwenye misiba ya ukoo wa Mama Agatha alikaa mkeka wa wajomba, na alichangia kama wajomba, na alipokosea alikemewa kama wajomba. Huruma alipofika umri wa kwenda shule, ni Dorika aliyekwenda kumwandikisha. Barua ya posa ilipokuja, miaka mingi baadaye, wazee walimwambia mshenga asiilete kwao. Aipeleke kwa mwenyewe, nyumba ile yenye baiskeli mlangoni.

Na ukipita Chidya asubuhi za miaka ile ya shule ungemwona mwanamke wa makamo anateremka kilima amesimama juu ya pedeli, magoti yamelegea, na mtoto wa kike amevaa sare anakimbia hadi ukingoni mwa njia, anapiga goti kidogo, anapaza sauti:

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," angejibu, na hapo kijijini hakuna aliyecheka.